Silika Nne za Watu, na Namna ya Kuishi Vema na Kila Moja

Katika somo hili twataka kueleza neno moja linalowagusa baba na mama, walimu, wakubwa wa kazi, waimbaji wa kwaya, na kila mtu akaaye pamoja na wengine. Neno lenyewe ni silika, yaani jinsi moyo wa mtu unavyoelekea tangu kuzaliwa kwake.

Tuanze na mfano. Lori liendalo sokoni limekwama katika matope. Mvua inanyesha, na jua li karibu kuchwa. Miongoni mwa abiria wamo watu wanne. Wa kwanza anacheka, anaanzisha wimbo, na kabla ya saa moja kupita amekwisha kujua majina ya abiria wote. Wa pili amevua viatu, amekamata jembe, naye anagawa kazi: wewe kata matawi, wewe sukuma, wewe ondoka hapo. Wa tatu amekaa kando. Anamwaza mtoto aliyemwacha nyumbani na homa, tena anakumbuka kwamba asubuhi alisema mzigo umezidi, wala hakuna aliyemsikia. Wa nne ametandika gunia chini ya mti, anatafuna kipande cha muhogo, na kusema: “Tutafika tu.”

Tope ni moja, mvua ni moja. Mioyo ndiyo minne. Sasa tazameni yafuatayo. Wa pili anamwita wa nne mvivu. Wa nne anamwona wa pili kuwa mtu wa kiburi. Wa tatu anamhesabu wa kwanza kuwa mpumbavu asiye na huruma, na wa kwanza anasema wa tatu ana kinyongo. Hakuna aliyetenda kosa bado, lakini wote wamekwisha kuhukumiana.

Ndivyo mambo yaendavyo katika nyumba zetu. Mume na mke wanaachana kwa sababu kila mmoja ameifasiri silika ya mwenzake kuwa uovu. Kwaya inavunjika. Mwalimu anamkatia tamaa mwanafunzi mwema. Na lililo baya kupita yote, mtoto aliye mkimya, asiyecheza na wenzake, anaitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani kwao. Kwa hiyo somo hili si la kujifurahisha tu. Sikilizeni vema.

1. Silika ni nini?

Yafaa kwanza tutenge mambo matatu. Silika ni kama udongo, tabia ni kama chungu, na matendo ni kama chakula kinachopikwa ndani yake. Mfinyanzi hachagui udongo wa mto wa kwao. Udongo mmoja ni laini, mwingine una mchanga, mwingine unakauka upesi. Lakini mfinyanzi ajuaye kazi yake hufinyanga chungu kizuri kwa kila udongo, mradi aujue kwanza.

Kwa hiyo silika yenyewe si dhambi, wala si utakatifu. Mtu aliyezaliwa na moyo mwepesi wa kuwaka hana kosa kwa hilo. Akimpiga mkewe, hapo ana kosa. Mtu aliyezaliwa mpole hana sifa kwa hilo. Akimtetea mnyonge hali anatamani kukaa kimya, hapo ana sifa.

2. Mafundisho haya yametoka wapi?

Ni ya zamani sana. Katika kisiwa cha Kos, huko Ugiriki, alizaliwa mganga Hippocrates yapata mwaka 460 kabla ya Kristo. Katika vitabu vya shule yake imeandikwa kwamba mwili wa mtu una maji ya namna nne: damu, makohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, anaugua. Baadaye mganga Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kufanya kazi Roma, alieleza kwa urefu jinsi michanganyiko ya mwili inavyogusa na mwenendo wa moyo. Ndipo yalipotokea majina manne yatumikayo mpaka leo. Sangwini ni mtu wa damu. Koleriki ni mtu wa nyongo ya manjano. Melankoliki ni mtu wa nyongo nyeusi. Flegmatiki ni mtu wa makohozi.

Mafundisho hayo yalipita katika mikono mingi. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Baghdad aliyeishi tangu 809 hata 873, alivifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiria na kwa Kiarabu. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake kikubwa cha uganga. Kwa njia ya Kiarabu maneno mawili yaliingia hata katika Kiswahili chetu: balghamu, yaani makohozi, na safura, ambalo kwa Waarabu lilikuwa jina la nyongo ya manjano. Hivi, kila tusemapo kwamba mgonjwa anatoa balghamu, twatamka neno lililoanza safari yake kwa Wagiriki.

3. Yapi tuyashike, na yapi tuyaache?

Habari za maji manne tuziache. Mwaka 1628 daktari William Harvey alionyesha kwamba moyo husukuma damu, nayo huzunguka mwilini. Mwaka 1858 daktari Rudolf Virchow alifundisha kwamba ugonjwa hutafutwa katika chembe ndogo ndogo za mwili, wala si katika mchanganyiko wa maji. Na nyongo nyeusi haimo kabisa mwilini. Basi mtu akikuambia utolewe damu ili hasira yako ipungue, usimsikie.

Lakini waganga wale wa kale, ijapokuwa walikosea sababu, macho yao yaliona kitu cha kweli. Hans Eysenck, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefanya kazi London katika karne ya 20, alionyesha kwamba zile namna nne zaweza kueleweka kwa maulizo mawili tu. La kwanza: je, moyo wa mtu huyu huelekea nje, kwa watu, au ndani, katika mawazo yake? La pili: je, moyo wake hutikisika upesi, au hukaa imara? Aelekeaye nje na kuwa imara ni sangwini. Aelekeaye nje na kutikisika upesi ni koleriki. Aelekeaye ndani na kutikisika ni melankoliki. Aelekeaye ndani na kuwa imara ni flegmatiki.

Tena wataalamu waliolinganisha mapacha wanaona kwamba yapata nusu ya tofauti za silika kati ya watu hutokana na urithi. Iliyobaki hutokana na maisha. Kwa hiyo silika si kifungo cha chuma. Wala hakuna mtu wa silika moja tupu. Wengi wetu tuna mbili zilizochanganyika, moja ikitangulia na nyingine ikifuata. Majina haya manne ni kama mishale ya njia panda: yanatuonyesha upande wa kwenda, lakini hayatuambii kila kilichomo kijijini.

Sasa tutazame kila silika kwa zamu: dalili zake, kipaji chake, hatari yake, na namna ya kuishi nayo. Tutatoa mifano katika Maandiko. Maandiko hayataji silika hizi nne, lakini yanatuonyesha watu walio hai.

4. Mchangamfu, yaani sangwini

Huyu huingia nyumbani na nyumba ikapata joto. Anasalimu kila mtu, anasahau matusi ya jana, anatoa hata asichokuwa nacho. Msiba ukitokea, ndiye wa kwanza kufika. Lakini moyo wake ni kama moto wa majani makavu: unawaka upesi na kuzimika upesi. Leo ameahidi kulima shamba la jirani, kesho amesahau. Anaanza mambo kumi na kumaliza matatu. Hupenda kusifiwa, na siri haikai kinywani mwake.

Mtazameni Petro. Alishuka katika mashua akatembea juu ya maji. Kisha akauona upepo, akaanza kuzama. Usiku alichomoa upanga. Kabla ya jogoo kuwika alimkana Bwana wake. Na mara akalia kwa uchungu. Yote hayo ni moyo mmoja. Lakini Bwana hakumtupa. Alimwita tena, akamwuliza neno moja mara tatu, akampa kazi ya kuchunga.

Ukiishi na mchangamfu, fanya hivi. Pokea furaha yake, usiizime kwa uso wa makunyanzi. Mpe kazi fupi, yenye mwisho unaoonekana, tena mbele ya watu. Akiahidi, mwulize papo hapo: siku gani, na saa ngapi? Usimwamini kwa fedha za likelemba peke yake; mwekee mwenzake wa kuandika hesabu. Si kwamba ni mwizi, bali huenda akamkopesha mwenye shida wa kwanza atakayelia mbele yake. Na akikosa, mwambie peke yake, kwa maneno machache. Atasikia upesi, maana hana moyo wa kushika kinyongo.

5. Mshupavu, yaani koleriki

Huyu huona jambo la kufanywa, na hulifanya. Daraja likivunjika, yeye ndiye akusanyaye watu. Hachoki, haogopi, hasemi uongo ili apendwe. Vijiji vingi visingekuwa na shule wala chemchemi ya maji safi kama si watu wa namna hii. Lakini hatari yake ni kubwa. Huwaka hasira, hudharau walio polepole, hukata maneno ya wenzake, na kuona kila shauri lisilo lake kuwa uasi. Nyumbani watoto wake hunyamaza anapoingia, naye adhani ni heshima, kumbe ni hofu. Wazee wetu walisema: hasira hasara.

Jinsi ya kukutana na moto huo, Abigaili anatufundisha vizuri. Daudi, akiwa amechukizwa na matusi ya Nabali, mumewe Abigaili, alikuwa njiani na watu 400 wenye panga. Abigaili hakukawia, wala hakupiga kelele. Alipakia mikate 200, divai, kondoo na matunda makavu, akaenda kumlaki, akakiri kwamba kosa lilitendeka, kisha akamkumbusha Daudi ukuu wa kazi iliyokuwa mbele yake, asije akaichafua kwa damu ya bure. Daudi alirudi. Tena Abigaili alipofika nyumbani na kumkuta mumewe amelewa, hakumwambia neno usiku ule, alingoja asubuhi.

Humo mna mafundisho manne ya kuishi na mshupavu. Usichelewe, maana kuchelewa kwamchoma. Sema wazi, bila kuzungukazunguka. Mkumbushe lengo kubwa alipendalo, naye ataacha ugomvi mdogo. Na uchague saa: usimshauri akiwa amewaka. Lakini neno hili tulishike sana: heshima kwa silika si ruhusa ya ngumi. Mke apigwaye haambiwi ajifunze upole zaidi ili apate kupona. Atafute usalama kwanza, kwa ndugu, kwa majirani, kwa wakubwa wa sheria. Na sisi tumpokee.

6. Mtafakari, yaani melankoliki

Huyu husema machache na kuwaza mengi. Kazi yake ni safi. Mshono wake haufumuki. Rafiki yake ni mmoja au wawili, nao ni wa maisha. Anaona uchungu wa mtu kabla hajausema. Washairi wengi, watengenezaji hodari na wauguzi wema ni wa silika hii. Lakini neno dogo laingia moyoni mwake kama mwiba, na hukaa miaka. Anaona hatari kila mahali, anajilaumu, tena anawapima wengine kwa mizani ile ile kali. Akinyamaza watu husema ana kiburi. Huenda anaogopa tu.

Eliya, yule nabii aliyesimama peke yake mbele ya mfalme, baadaye alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba kufa. Alipewa nini? Hakupewa karipio. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, naye akakuta mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Ndipo alipopata nguvu ya kwenda siku 40 mpaka Horebu. Na huko Mungu alianza kwa kumwuliza, akamwacha aseme uchungu wake wote. Mwishoni alipewa kazi, na mwenzi wa kumsaidia, Elisha.

Utaratibu huo ufuateni nanyi kwa mtafakari: usingizi na chakula, kisha swali, kisha masikio, na mwisho kazi pamoja na mwenzi. Usimwambie mbele ya watu, “Changamka basi!” Usimtanie kwa sura yake. Ukimsifu, taja jambo lenyewe alilolifanya vema, maana sifa za jumla hazisadiki. Ukimwahidi, timiza.

Hapa kuna onyo. Silika ya kutafakari ni kitu kimoja, na ugonjwa wa sonona ni kitu kingine. Mtafakari huwa na huzuni zake, lakini hula, hulala, hufanya kazi na kufurahia yale anayoyapenda. Bali mtu wa silika yoyote, akikaa majuma mawili au zaidi bila furaha yoyote, halali, au hali, au anasema afadhali afe, huyo ni mgonjwa. Tusimwambie asali tu kisha tukaenda zetu. Tusali naye, na siku ile ile tumpeleke kwa mganga wa hospitali, wala tusimwache peke yake. Kama vile malaria, sonona ina dawa na matunzo.

7. Mtulivu, yaani flegmatiki

Huyu ni kivuli cha mwembe wakati wa jua kali. Hana haraka, hagombani, anasikiliza pande mbili. Katika baraza la wazee yeye ndiye apatanishaye. Watoto na wagonjwa humpenda. Mwenda pole hajikwai. Lakini aweza kwenda pole hata asifike. Huahirisha kazi, huchukia mabadiliko, na hupenda amani hata pale ambapo amani ya kweli yahitaji neno gumu. Husema “ndiyo” ili aachwe, kisha hafanyi. Msidhani kwamba ukaidi wake si mkubwa kwa kuwa haupigi kelele.

Ibrahimu atuonyesha pande zote mbili. Wachungaji wake na wa Loti walipogombana, yeye, aliye mkubwa, alimwacha mdogo achague nchi kwanza. Na ugomvi ukaisha. Huo ndio utulivu mwema. Lakini Sarai alipomlalamikia habari za Hagari, Ibrahimu alimwachia jambo lote mkononi mwake. Naye Hagari akateswa mpaka akakimbilia jangwani akiwa na mimba. Utulivu wa mwenye nyumba ukawa mateso ya mjakazi.

Kwa hiyo ukiishi na mtulivu, usimsukume kwa kelele. Akisukumwa, husimama kama punda. Mweleze mapema, mpe siku ya kufikiri, kisha mtake jibu siku hiyo. Mwulize shauri lake kwa jina lake, maana hataomba nafasi ya kusema, na mara nyingi neno lake ndilo lenye busara. Gawa kazi kubwa katika sehemu ndogo. Na kama wewe mwenyewe ni mtulivu, jiulize kila usiku: leo nani ameumia kwa sababu nilinyamaza?

8. Silika mbili zikikutana

Pengine mchangamfu huoa mtafakari, au mshupavu huolewa na mtulivu. Kabla ya ndoa kila mmoja hupenda kwa mwenzake kile asichokuwa nacho. Baada ya ndoa kitu kile kile humchosha. Mke aliyesema, “Nampenda kwa kuwa hana makelele,” baada ya miaka mitano asema, “Hasemi nami hata neno.” Mume hakubadilika. Alilokosa mke ni tafsiri.

Basi waulizane: Mama, nikinyamaza wewe husikia nini? Baba, nikiongea sana wewe husikia nini? Majibu yao yatawashangaza. Mtafakari akisema, “Acheni tu,” mara nyingi ataka aulizwe mara ya pili. Mshupavu akisema hivyo, maana yake ni acheni kweli.

Hata watakatifu walipata shida hiyo. Paulo na Barnaba walifanya kazi pamoja miaka mingi. Kijana Yohane Marko alikuwa amewaacha njiani, huko Pamfilia. Walipotaka kusafiri tena, Barnaba, mwenye moyo wa kufariji, alitaka kumchukua. Paulo, mwenye moyo wa kazi, alikataa. Wakashindana hata wakatengana. Barnaba na Marko wakaenda Kupro, naye Paulo akamchukua Sila. Nani alikosa? Paulo aliitazama kazi, Barnaba alimtazama mtu. Na yote mawili yanahitajika. Lakini miaka ikapita, na katika barua yake ya pili kwa Timoteo, Paulo aliye kifungoni aomba aletewe Marko, kwa kuwa amfaa. Subira ya Barnaba ilikuwa imezaa mtu ambaye bidii ya Paulo ilimhitaji.

9. Mtoto mkimya si mchawi

Sasa twafika penye jambo zito. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wengi wameshitakiwa kuwa wachawi. Ukitazama kile wanachoshitakiwa, mara nyingi ni silika tu: huyu hasemi na watu, huyu hulala vibaya na kuota ndoto, huyu ana hasira, huyu hukaa peke yake na kututazama. Kifo kikitokea nyumbani, au kazi ya baba ikiisha, kidole huelekezwa kwa mtoto wa namna hiyo, hasa akiwa yatima au mtoto wa mke wa kwanza. Huteswa ili akiri, na mtoto ateswaye hukiri lolote.

Tusikilizane. Madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 tangu uchanga. Waliona kwamba watoto hutofautiana tangu miezi ya kwanza: mmoja hukubali kila kitu kipya, mwingine huogopa na kujitenga mpaka azoee, mwingine hulia kwa nguvu na kukosa ratiba. Tena waliona kwamba mtoto mgumu si lazima awe mtu mbaya. Kilichokuwa na maana sana ni kama malezi yalifuatana na silika yake au yalipigana nayo.

Kwa hiyo mtoto akaaye kando mpe muda, umweke karibu na mtoto mmoja mpole kabla ya kumtia kati ya wengi. Mtoto mwenye moto mpe kazi ya nguvu na sheria chache zisizobadilika. Mtoto mchangamfu mfundishe kumaliza alichoanza. Mtoto mtulivu usimsahau kwa sababu hasumbui. Nani asiyeijua mithali: samaki mkunje angali mbichi? Lakini hukunjwa kwa mkono, si kwa shoka.

Na wote wajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamtia gerezani mtu amshitakiye mtoto kwa uchawi. Mtu yeyote akija nyumbani kwenu na kusema ameona uchawi machoni pa mtoto, hata akiwa ameshika kitabu kitakatifu, mkatalieni.

10. Maulizo ya kurudia

Ulizo: Je, silika moja yapita nyingine kwa uzuri?
Jibu: Hapana. Kila silika ina kipaji chake na hatari yake.

Ulizo: Je, mtu aweza kusema, “Ndivyo nilivyozaliwa,” ili kujitetea katika kosa?
Jibu: Hapana. Silika yaeleza kwa nini jambo fulani ni gumu kwetu. Haituondolei wajibu wa kulifanya.

Ulizo: Twaanza na silika ya nani, ya kwetu au ya jirani?
Jibu: Ya kwetu. Ajuaye udongo wake mwenyewe hatacheka chungu cha mwenzake.

Ulizo: Je, yafaa kumwambia mtu mbele ya watu, “Wewe ni koleriki”?
Jibu: Haifai. Majina haya ni ya kutusaidia kuelewa, si ya kumfunga mtu wala kumtania.

Ulizo: Silika yaweza kubadilika?
Jibu: Mzizi wake hubaki, lakini mazoezi, umri, malezi na neema hulainisha ukali wake. Petro aliyekana alisimama baadaye mbele ya baraza bila hofu.

11. Zoezi la juma hili

Kila msikilizaji achague mtu mmoja tu, yule anayemchosha kuliko wote nyumbani au kazini. Kwa siku saba asimkaripie juu ya silika yake. Siku ya kwanza na ya pili amtazame tu, atafute kipaji kilichofichwa ndani ya jambo linalomchosha. Siku ya tatu amwambie kipaji hicho kwa maneno wazi. Siku zilizobaki amtendee kwa njia tuliyoitaja: mchangamfu kwa kazi fupi, mshupavu kwa maneno wazi, mtafakari kwa masikio, mtulivu kwa muda.

Wanaokusanyika kusikiliza redio pamoja wazungumze juu ya maulizo haya kabla ya kutawanyika, na wale wa kimya wapewe nafasi ya kwanza kusema. Katika somo lijalo tutaeleza jinsi ya kusameheana baada ya ugomvi wa muda mrefu. Kaeni salama, ndugu wapendwa.